Kopo Liitwalo Tupu

Kila asubuhi, saa moja na nusu, Redio alivua viatu vyake mlangoni mwa maabara, akavaa kandambili za ndani, akafunga vifungo vya koti jeupe mpaka cha shingoni, halafu akaenda kumwamsha Tupu.

Tupu hakuwa mtu. Lilikuwa kopo la plastiki, jeupe lililogeuka manjano kwa uzee, kimo cha bilauri, kifuniko chake kimegandishwa kwa gundi. Ubavuni liliandikwa kwa wino mwekundu: TUPU. USIFUNGUE. Chini ya maneno hayo palikuwa na sahihi ya Mkuu wa maabara, sahihi yenye mikia mitatu, utadhani kopo lile lilikuwa hati ya nyumba.

Redio alilifuta vumbi, akaliingiza ndani ya sanduku zito lililojengwa kwa madini ya risasi ili mionzi ya nje isipenye, akabonyeza kitufe, akasubiri. Mashine ilihesabu. Baada ya saa moja ilitoa namba, naye akaiandika kwenye daftari. Halafu alitoa Tupu, akaweka kopo la tope lililochotwa baharini, mashine ikahesabu tena. Namba ya tope, toa namba ya Tupu, kinachobaki ndicho kilichomo baharini. Hakuna uchawi hapo. Kila mtu anayepima unga hupima kwanza bakuli. Hata hewa ya chumba na matofali ya ukuta yana mionzi yake kidogo. Kwa hiyo, kabla hujaliuliza tope lina nini, unakiuliza kwanza kitu kisicho na kitu.

Jina lake lilikuwa Tupu, lakini ndani lilijazwa mchanga, ili likae kwenye mashine sawasawa na kopo la tope. Mchanga wenyewe, Mkuu alivyozoea kuwaeleza wageni huku amelipapasa kopo kichwani, aliuchota kwa mikono yake mwenyewe mlimani, mbali na bahari na mbali na viwanda, akauosha mara saba. Wengine hukumbuka harusi yao. Yeye alikumbuka mchanga.

Asubuhi ile Redio alikuwa amelinyanyua kopo kwa mikono miwili, kama mtoto anayetolewa kwenye beseni la kuogea, mlango ulipopigwa teke.

"Redio! Cheti kiko wapi?"

Mlango ukamgonga kiwiko. Tupu likaenda sakafuni. Plastiki ya miaka tisa haina msamaha: likapasuka toka mdomoni hadi kitakoni.

Mkuu alisimama kizingitini. Mkono wa kulia ameninginiza suti ndani ya mfuko wake wa nailoni, wa kushoto ameshika viatu vipya, ndiyo maana mlango alikuwa ameutumia mguu. Akatazama sakafu. Kisha akatazama viatu, kwanza kimoja, halafu cha pili.

"Nusura unichafulie."

Redio alikuwa ameshapiga magoti. Kilichomwagika hakikuwa mchanga wa mlimani, wala wa bondeni. Lilikuwa tope kavu la rangi ya mkaa, limeshikamana mabonge mabonge, na liliachia harufu kidogo ya yai viza, kana kwamba limetoka kuamshwa na bado halijapiga mswaki. Katikati ya mabonge mlikuwa na chaza wadogo watano. Mmoja alikuwa bado amefunga magamba yake mawili, na ule utepe wa ngozi unaoyashikanisha ulikuwa palepale.

"Mkuu," akasema Redio, kwa sauti ya mtu anayeomba asogezewe kiti. "Huu sio mchanga wa mlimani."

"Ni nini basi?"

"Una chaza."

"Sasa?" Mkuu akacheka puani. "Hukusoma wewe? Zamani milima yote ilikuwa chini ya bahari. Hilo somo nimelifundisha mimi."

Ni kweli alilifundisha, muhula mmoja, mpaka wanafunzi walipoandika barua. Lakini chaza wa zamani hizo wamekwisha kuwa mawe. Huyu wa sakafuni ungemtia maji angeomba aelekezwe kwao.

"Zoa," akasema Mkuu. "Chukua kopo jipya, jaza kutoka kwenye ndoo yangu ya mchanga safi, andika Tupu, maisha yaendelee. Cheti nakitaka saa nne mezani. Saa sita tuko shuleni. Na andika kama kawaida."

Kama kawaida maana yake ilikuwa sifuri.

Maabara nzima ilimwita Bwana Sifuri, mgongoni lakini, kwa sababu usoni aliitwa Mkuu na aliipenda herufi kubwa ya mwanzo hata ilipotamkwa. Ofisini kwake kulikuwa na picha thelathini na mbili za kazi za baharini, na katika zote thelathini na mbili amesimama pakavu, amenyoosha kidole kuelekea maji. Vituo vya kuchukulia sampuli alivichagua mwenyewe: kila mahali gari lilipofika na kivuli kilipokuwepo. Na kwa miaka tisa kila karatasi iliyotoka mkononi mwake ilisema mionzi sifuri, risasi sifuri, na kadimi, ile metali nyingine ya sumu, sifuri. Mwaka mmoja namba zilishuka hata chini ya sifuri. Yaani kwa hesabu zake bahari ilikuwa na mionzi pungufu ya hakuna. Mtu mwingine angekuna kichwa, akakagua mashine. Mkuu aliitisha mkutano. "Bahari yetu," alitangaza, "ni safi kuliko sifuri!" Wageni wakapiga makofi. Mmoja alivua miwani akafuta machozi, maskini, na huyo alikuwa na shahada mbili.

Redio alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne kazini. Wiki yake ya pili aliona kwamba namba ya Tupu ni kubwa mno kwa kitu kisicho na kitu. Hakuthubutu kusema. Aliandika kwenye kikaratasi cha manjano, kwa herufi ndogo, "Samahani Mkuu, mbona Tupu liko juu hivi?" akakibandika kwenye daftari. Mkuu alikisoma akiwa njiani kwenda kula. "Kuta zetu ni za zamani," alisema, akaendelea na safari. Redio akakibandua kikaratasi, akakitia ndani ya pochi yake. Kilikuwa humo mpaka leo. Basi na yeye asijitoe kwenye hesabu: alikuwa na macho, akaamua kuyapa likizo.

Jina la Redio lilitoka kwa Dereva. Siku ya kwanza alimwendesha mwendo wa saa mbili bila kupata neno, aliporudi akawauliza wenzake, "Hii redio mliyoniletea haina betri?" Likamganda.

Sasa Dereva mwenyewe aliingia na funguo zake zikilia kiunoni, mtu mzima mwenye mvi upande mmoja tu wa kichwa, akakuta Redio bado yuko magotini na ufagio hajaugusa.

"Mungu wangu. Marehemu amefariki saa ngapi?"

Redio akamwonyesha chaza.

Dereva akainama, akanusa, akainuka polepole. Mzaha ukamtoka usoni. "Kumbe ndilo hili," akasema. "Nililisahau kabisa."

"Unalijua, mjomba?"

Hakuwa mjomba wake, ila Redio hakuweza kumwita mtu mzima kwa kazi yake.

"Mimi ndiye niliyeshika ndoo. Tulitakiwa twende mlimani. Tumefika njia panda, mvua inanyesha, barabara tope tupu, na bwana mkubwa siku hiyo ana viatu vipya. Huyu tangu zamani viatu vyake ni vipya. Akasema, geuza. Tukaenda nyuma ya kiwanda cha mbolea, pale bomba la maji machafu linapotapikia baharini, kwa sababu pana ngazi ya saruji. Hata hakushuka. Alikaa ndani ya gari, akaniambia, chota. Nikamwambia, Mkuu, hili ni tope. Akaniambia, tope ni mchanga mdogo."

"Alisema hivyo?"

"Kwa mdomo wake. Nusu akaitia kwenye hilo kopo. Nusu akaisaga unga wa kijivu, akaitia kwenye ile ndoo yenu mnayoiheshimu."

Redio akaigeukia ndoo. Ilikuwa kwenye rafu, imefunikwa kitambaa cha mezani, imeandikwa MCHANGA SAFI. Kutoka humo, kila wiki, alikuwa akichota kijiko kimoja, akakichemsha ndani ya asidi, na hicho ndicho kilichokuwa sifuri, yaani namba ya kutoa, kwenye mashine ya pili, ile inayopima metali. Kwa hiyo mionzi walitoa tope kwenye tope. Na risasi walitoa tope kwenye tope. Miaka tisa walikuwa wakipima unga pamoja na bakuli lililojaa unga, wanashangaa mbona nyumba haina chakula.

"Kwa nini hukusema?" akauliza.

"Nimwambie nani? Mimi ni dereva, wao ndio wenye makopo. Nilidhani labda sayansi ndivyo ilivyo." Akakisukuma kipande cha kopo kwa ncha ya kiatu. "Wazee walisema debe tupu ndilo linalovuma. Hili lilikuwa limejaa, ndiyo maana likanyamaza miaka tisa. Linalovuma liko kule ofisini, linavaa tai."

Siku nyingine Redio angetabasamu. Leo alikuwa anafikiria malori.

Bandari ilikuwa imechimbwa ili meli kubwa ziingie, na tope lililochimbwa lilirundikwa ufukweni likakauka. Halmashauri ikapata wazo: kuna shule ya chekechea bondeni ambayo uwanja wake hugeuka bwawa kila mvua ikinyesha, tope lipakiwe kwenye malori likamwagwe huko, uwanja uinuke. Kilichobaki kilikuwa cheti cha maabara kusema tope ni salama. Na mwalimu mkuu wa chekechea hiyo alikuwa dada yake Redio.

Alikuwa dada yake wa tumbo moja, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, Redio akiwa na miaka kumi na mmoja. Dada huyu aliandika barua za kuomba uwanja miaka mitatu. Msimu wa mvua alikuwa anawabeba watoto mgongoni mmoja mmoja, toka getini hadi darasani, sketi ameikunja magotini. Jioni Redio humkanda kiuno kwa maji ya moto. Asubuhi hii dada mtu alikuwa amempigia pasi blauzi. "Leo nataka upendeze," alimwambia. "Maana ni wewe uliyetuletea uwanja." Redio akasema, "Haya, dada." Kwa dada yake alikuwa na maneno mengi, hata umbea, ni dunia iliyobaki ndiyo aliyoipa "haya" na "samahani".

Saa mbili kasoro dakika tano. Redio akainuka.

Hakugusa ndoo. Alichukua kopo jipya, akalisuuza mara tatu, akalijaza maji yaliyochujwa mpaka hayakuwa na kitu ila umaji, akaliingiza kwenye sanduku la risasi. Wakati mashine ya mionzi inahesabu, alikwenda kwenye mashine ya metali. Sampuli za tope la bandari alikuwa amezichemsha jana. Safari hii sifuri aliyoipa mashine ilikuwa asidi peke yake, safi, kutoka chupa iliyofunguliwa mbele ya macho yake. Bomba la kuchotea halikudondosha hata tone. Mikono yake ilikuwa na ujasiri ambao mdomo haukuwa nao.

Baada ya maji aliweka tope la bandari. Hakuwa na saa nzima ya kulipimia. Alilipimia nusu saa. Halikuhitaji hata hiyo. Dakika ya kumi mistari ilikuwa imepanda kwenye kioo cha mashine kama vidole vya mtu anayeomba kuitwa darasani. Mwisho, dakika kumi na tano, aliweka kile alichokizoa sakafuni. Mistari ileile, mahali palepale. Tope la Tupu na tope la malori walikuwa ndugu wa bomba moja.

Alipiga hesabu mara mbili, kisha mara ya tatu kwa kalamu, kwa kuwa kikokotoo hakimjui Mkuu na kalamu inamjua. Mionzi ilikuwa mara nane ya udongo wa kawaida. Risasi ilikuwa mara sita ya kiwango kinachoruhusiwa mahali wanapocheza watoto. Kadimi hakutaka hata kuitazama mara mbili. Tope hili mtu mzima akilipita na viatu vyake, halimfanyi kitu. Lakini watoto wa miaka minne hawapiti. Wanakaa chini, wanachimba, wanapika, wanaonja walichopika. Wangefanya hivyo kila siku ya shule, miaka na miaka, hao na wadogo zao.

Saa nne na dakika tano alisimama mlangoni kwa Mkuu na karatasi mbili. Mkuu alikuwa mbele ya kioo, anafunga tai.

"Kiko tayari?"

"Mkuu, nimepima upya. Kwa maji. Tafadhali... angalia."

Mkuu akaangalia. Na hapa usimwonee: hakuwa mjinga. Mjinga angeuliza maswali. Yeye alisoma mstari wa kwanza, rangi ikambadilika kidogo shingoni juu ya tai, akaelewa kila kitu, kisha akachagua kutoelewa. Alifanya hivyo kwa wepesi wa mtu aliyefanya mazoezi.

"Maji sio Tupu," akasema.

"Lakini lile Tupu lilikuwa na tope la bomba. Mjomba... Dereva anasema..."

"Dereva!" Mkuu akamgeukia. "Siku hizi maabara inaendeshwa na usukani? Nisikilize, binti. Kuna vyeti arobaini na kitu vimetoka hapa kwa kipimo kile. Arobaini! Kuna ufukwe watu wanaoga, kuna mabwawa ya samaki, kuna makongamano nimehutubia. Unataka nisimame leo niseme nini? Samahani jamani, nilikuwa napima tope kwa tope?"

Redio alifungua mdomo. Ndiyo, ndicho hasa alichotaka. Kilichotoka ni, "Watoto, Mkuu..."

"Watoto watapata uwanja. Dada yako atapata uwanja. Wewe ni mtu wa ajabu, unataka kumnyang'anya dada yako tonge mdomoni?" Akachukua karatasi ya pili, ile ya cheti, ambayo Redio aliacha nafasi ya namba wazi kwa kuwa mkono wake ulikataa kuijaza. Akatoa kalamu yake nyekundu, akachora sifuri tano, za duara, nzuri, kama mayai kwenye kiota. Akatia sahihi yenye mikia mitatu. Karatasi ya kwanza akaikunja, akaitia mfukoni mwa suti. "Leo utakisoma wewe mwenyewe. Mdogo wake mwalimu mkuu, mtaalamu kijana, picha itapendeza. Na wewe nakuaminia. Wewe sio mpiga kelele."

Hilo la mwisho alilisema kwa upole kabisa. Redio alitukanwa mara nyingi maishani, lakini hakuna aliyewahi kumsifu hivyo.

Garini Mkuu alikaa mbele, anajipangusa mabega. Redio alikaa nyuma na cheti mapajani. Walipofika, Mkuu akashuka kupeana mikono, Dereva akamtazama Redio kwenye kioo.

"Wewe una karatasi, mimi nina gari. Tukigeuza sasa hivi tunafika wapi?"

"Hakuna pa kufika, mjomba."

"Basi niambie. Leo utavuma, au utakaa kimya kama lile kopo?"

Redio akafungua mlango, akashuka.

Malori manne yalisimama kando ya ukuta wa shule, tope limeyajaa mpaka kingoni, na mengine kumi na sita yalingoja barabarani. Uwanjani walikuwa wamepanga viti vya watu wazima kivulini na mikeka ya watoto juani, kama inavyokuwa siku zote mambo yanapofanywa kwa ajili ya watoto. Dada mtu alikuja mbio, lipstiki amepaka kidogo, jambo alilolifanya mara mbili kwa mwaka. Akamkumbatia.

"Mdogo wangu! Angalia malori yangu!" Akamshika kidevu. "Mbona umepauka? Hujala."

"Dada, nikwambie kitu."

"Utaniambia nyumbani, mwenyekiti wa halmashauri anakaa kwenye kiti kibovu," dada akasema, akaondoka mbio vilevile.

Mkuu akapewa maiki. Alizungumza dakika ishirini na tano. Alieleza bahari ni nini. Alieleza maabara ni nini, na ingekuwaje bila yeye. Alieleza habari za mchanga wa mlimani, alivyoupanda mlima ule kwa miguu, alivyouchota, alivyouosha mara saba. Nyuma ya gari Dereva akapiga chafya ambayo haikuwa chafya. Mwenyekiti akapiga makofi kila Mkuu alipovuta pumzi. Watoto walijikuna.

"Na sasa," Mkuu akasema, "mtaalamu wetu kijana, ndugu wa damu wa mwalimu mkuu, atatusomea matokeo. Ni mwenye haya sana, msimtishe. Tena nimemrahisishia: ni neno moja tu!" Watu wazima wakacheka. Akamkabidhi maiki, akamnong'oneza bila kuacha kutabasamu, "Soma kilichoandikwa."

Maiki ilikuwa na jasho lake. Redio akakitazama cheti: mayai matano mekundu. Akatazama viti. Mwenyekiti, wajumbe, mpiga picha amechuchumaa. Alijua kwamba akisubiri kidogo tu, Mkuu ataichukua maiki, atasema "Sifuri!" yeye mwenyewe, watacheka tena, lori la kwanza litainua tumbo lake. Hakuhitaji hata kusema uongo. Alihitaji tu kuwa Redio.

Hapo akamwona mtoto mmoja wa kike, mkoba mgongoni, ametoroka mkekani. Alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu la lori, mahali ambapo bonge la tope lilianguka, anafinyanga keki. Alikuwa anaifinyanga kwa makini sana, ulimi nje. Alipomaliza alikilamba kidole ili akilainishe, akachonga shimo katikati.

Redio akayapa kisogo yale majina makubwa ya kivulini. Kuongea nao hakuweza, na hakuna muujiza uliomshukia. Alimtafuta mtu mmoja ambaye kwake maneno hayakuwahi kumkwama, akamwona amesimama kando ya mlango wa darasa, mikono imekutana kifuani, anasubiri lile neno moja kwa furaha ya miaka mitatu. Akamtazama huyo tu. Maiki ilikuwa bado mdomoni.

"Dada," akasema, na spika zikalichukua mpaka ng'ambo ya ukuta.

"Matokeo," Mkuu akamkumbusha kwa meno.

"Dada, mtoe yule mtoto kwenye tope. Mnawishe mikono kwa sabuni, usimwache alambe." Sauti ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Hili tope limetoka kwenye bomba la kiwanda cha mbolea. Lina mionzi mara nane, lina risasi mara sita, nimelipima leo asubuhi kwa mkono wangu. Hicho kipimo anachosema cha mlimani sio cha mlimani, ni tope hilihili, kimevunjika leo nimeona chaza ndani yake. Miaka tisa vyeti vyote ni vya uongo. Hata mimi nilijua kuna kasoro, dada, tangu mwaka jana, nikaandika kwenye kikaratasi nikakificha kwenye pochi. Ninajua ulivyousubiri huu uwanja. Nitakusaidia kuwabeba, mvua ikija nitakuja kila asubuhi tuwabebe wote. Lakini hili wasilimwage hapa. Waambie malori yaondoke."